Pete Iliyochomelewa Upande Mmoja

Kambini, 3 Machi

Shemeji,

Nakuandikia kwa sababu simu ya hapa inakatika, na ikikatika nabaki na hasira mdomoni. Barua haikatiki. Tena ukishaisoma huwezi kusema hukusikia.

Natumaini mko wazima. Magoti ya Mama vipi? Sasa tuje kwenye boti.

Dada ameniambia imefika, iko uani juu ya trela lake, na kwamba wewe umeifunga kwa kamba. Kamba, shemeji. Ile ya kuanikia nguo. Nimebeba chuma cha watu miaka sita, nimekula wali wa jana na maharage ya juzi, ili boti yangu ifungwe pamoja na soksi zako.

Sijui kama umewahi kuuliza ninafanya kazi gani huku, kwa hiyo nitakwambia. Kwenye uwanja huu kuna makontena ambayo wenyewe hawajulikani na funguo hazijulikani. Mimi ndiye ninayekata makufuli yake. Kutwa nzima, na mashine mkononi na cheche usoni. Kufuli la dukani kwenu nalimaliza kabla hujapiga chafya mara mbili. Kamba naikata kwa kuiangalia.

Basi nisikilize, maana hili nalijua kuliko wewe kinyozi unavyojua vichwa. Mwizi wa boti haibi boti. Anaiba trela. Anakuja na pikapu mchana kweupe, amevaa vizuri, anapachika, anaondoka. Majirani wanampungia mkono wakidhani ni mwenye mali. Wewe mwenyewe ungemfungulia geti na kumwelekeza barabara.

Nikirudi sitabeba tena chuma cha mtu. Nitakaa ndani ya boti hiyo nivushe watu mtoni, kutoka upande wenu hadi upande wa soko, basi. Sina uzee mwingine niliojiwekea. Ndiyo maana nakuuliza: kamba?

Kaka wa mke wako

*

Nyumbani, 17 Machi

Shemeji,

Barua yako niliisoma kwa sauti nikiwa na wateja wawili kibandani. Walicheka mpaka nikaweka wembe chini nisije nikamkata mtu sikio.

Mwizi wa mtaa huu tunamjua kwa jina lake na la mama yake. Kichwa chake nakinyoa mimi, Jumamosi, na ananisalimia vizuri kuliko wewe. Pikapu ikiingia kwenye kichochoro chetu watu kumi wanatoka kuitazama, maana haiwezi kugeuka. Lakini wewe umeishi na makontena mpaka unadhani kila binadamu ni kufuli linalongoja kuvunjwa.

Magoti ya Mama yako vilevile. Uliuliza kwa mstari mmoja, nami nimejibu kwa mstari mmoja. Boti uliipa karatasi mbili.

Shemeji yako

*

Kambini, 2 Aprili

Shemeji,

Nafurahi kama nimewachekesha wateja wako. Mtu anayefanya kazi kivulini akipapasa visogo vya watu lazima atafute cha kuchekea.

Dereva wa lori atakuletea mfuko. Una minyororo miwili mirefu, mmoja mfupi, na makufuli matatu. Makufuli yamefunguliwa, ukiyabana yanajifunga yenyewe. Usitafute funguo mfukoni, hazimo. Ziko shingoni mwangu na zitakaa hapo mpaka nirudi. Nakujua. Ulimwazima mtu ngazi yangu, mpaka leo sijui inapanda ukuta wa nani. Ukiwa na ufunguo, boti itakwenda harusini, itakwenda kuvua, itakwenda kubeba mchanga, na siku nikirudi utanionyesha makasia tu.

Haya makufuli si ya mchezo. Mwezi wa kumi na mbili tuliletewa kontena lenye kufuli la aina hii. Nilimaliza diski tatu za kukatia juu yake na halikufa. Nyapara akaniambia, "Achana nalo, kata mlango." Nikakata mlango. Jioni ile nikaenda kutafuta linauzwa wapi. Sasa elewa: nimekutumia kufuli ambalo mimi mwenyewe lilinishinda.

Fanya hivi, na usiongeze akili yako.

Geuza mdomo wa trela uelekee ukutani. Ufunge kwa mnyororo mrefu kwenye ile nguzo ya chuma iliyosimikwa kwa zege. Kufuli la kwanza.

Ng'oa magurudumu yote mawili, trela likae juu ya matofali. Unganisha magurudumu kwa mnyororo wa pili, uyasukume chini ya kitanda cha Mama. Mama hatoki kitandani mara nyingi, atakuwa mlinzi mzuri. Kufuli la pili.

Mnyororo mfupi upite kwenye pete ya puani mwa boti, ushuke mpaka kwenye pete ya chuma iliyochomelewa kwenye mkono wa trela. Ukaze. Usiache ulegevu hata wa kidole kimoja. Kufuli la tatu.

Sasa hiyo pete ya kwenye trela. Yule fundi wenu wa kuchomelea, mnayemwita Cheche, aliichomelea upande mmoja tu, tena kama mtu aliyetema mate akaondoka. Nilipokuwa likizo, boti ikiwa bado haijaletwa uani, nilimwona. Nilimwona pia akiipima boti yangu kwa macho, kutoka puani mpaka nyuma, kama fundi cherehani anayepima nguo ambayo hajaombwa kushona. Muite aichomelee kuizunguka yote. Simama hapohapo mpaka amalize. Kisha mfukuze, na asiyaone makufuli.

Halafu chonga alama yangu kwa msumari chini ya kiti cha nyuma. Unaweza hilo?

Kaka wa mke wako

*

Nyumbani, 26 Aprili

Shemeji,

Yote yamefanyika, bwana mkubwa.

Trela limefungwa mdomo. Boti imefungwa pua. Mama analala juu ya magurudumu na anasema chumba kinanuka gereji. Wapita njia wanachungulia uani na kuuliza mfungwa amefanya nini. Pete imechomelewa upya, kuizunguka yote, kama ulivyotaka. Cheche anakusalimia.

Alama yako nimeichonga. Imetoka mbaya kidogo, kama mwandiko wako.

Shemeji yako

*

Kambini, 15 Mei

Shemeji,

Wiki hii nimelala vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu umuoe dada yangu umepewa kazi ukaimaliza. Nimewaambia wenzangu kambini, wakataka kujua nimekutisha na nini.

Salamu za Cheche baki nazo.

Kaka wa mke wako

*

Nyumbani, 20 Oktoba

Shemeji,

Leo sina mzaha, nivumilie.

Mvua haijakata siku tisa. Mto umepanda mpaka kwenye mawe ya kufulia nguo, mahali ambapo sijauona tangu nihamie hapa. Watu wa chini ya kichochoro wameanza kupandisha magodoro juu ya meza. Jana asubuhi tulikusanyika wanaume saba tukataka kulivuta trela lako hadi shuleni, kule juu. Tulifika uani tukasimama tukilitazama. Magurudumu yana mnyororo. Mdomo una mnyororo. Mmoja akauliza, "Kwani mwenye kitu hiki aliwahi kufikiria kukitumia?"

Boti yenyewe sisi saba tungeibeba mabegani, lakini imebanwa pua na kufuli lako.

Naomba ufunguo. Mmoja tu, wa boti. Mpe dereva wa lori akirudi, ndani ya siku nne ufunguo utakuwa hapa. Mama hawezi kutembea mpaka shuleni, wala mimi siwezi kumbeba peke yangu kwenye maji. Ukiniletea ufunguo, niite mjinga mpaka nife, sitajibu.

Shemeji yako

*

Kambini, 25 Oktoba

Shemeji,

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta maji, sikuyaona. Nimeona wanaume saba wanaoitaka boti yangu.

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba hiyo. Mto huo kila miaka michache unapanda kwenye mawe, unatisha akina mama, unashuka. Kinyozi akiona tope kidogo kwenye viatu vyake anadhani dunia inakwisha. Na hao saba ni akina nani? Cheche yumo? Bila shaka yumo. Miezi sita yote makufuli yamesimama, mmeshindwa kuyafungua kwa mkono, sasa mmeamua kuyafungua kwa barua. Hilo ni wazo zuri, nakupongeza, kwa sababu najua halikutoka kichwani mwako.

Ufunguo sitoi. Mama mpandishe kwenye meza ile kubwa, maji yatakuwa yamepungua kabla barua hii haijafika, nawe utaona haya kidogo.

Nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni isilowe, kwa kuwa mnasema kuna mafuriko.

Kaka wa mke wako

*

Shuleni, 7 Novemba

Shemeji,

Barua yako ya tarehe 25 imenikuta jana. Ilifika ikiwa kavu. Ndicho kitu pekee kikavu ninachomiliki.

Niko kwenye darasa la tatu na familia nyingine nne. Naandika nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yangu yako karibu na masikio. Nitakueleza kwa utaratibu, maana wewe unapenda maelekezo.

Tarehe 27, saa nane mchana, ukingo ulibomoka kule juu kwenye daraja. Maji hayakupanda kama ya utotoni mwako, shemeji. Yaliingia mlangoni kama mgeni mwenye hasira. Tulimpandisha Mama kwenye meza ile kubwa, kama ulivyoagiza, kabla agizo lako halijafika. Yakafika kwenye meza. Tukaweka kiti juu ya meza, na Mama juu ya kiti. Dada yako akamshikilia kiuno, mimi nikashikilia miguu ya kiti, na dirishani tukaiona boti yako.

Nataka uione vizuri. Boti imetengenezwa kuelea, si ndiyo? Nyuma yake ilikuwa inaelea. Pua imevutwa chini na mnyororo wako usio na ulegevu hata wa kidole kimoja. Ilikuwa imeinama kama ng'ombe anayekunywa, na maji yakiingia kwa mbele, kidogokidogo. Hatua kumi na mbili kutoka kwa mama yako. Nilizihesabu, sikuwa na kingine cha kufanya.

Nilipiga kelele. Aliyekuja ni Cheche. Alikuja akiogelea na nyundo na tindo kiunoni, kichwani amejifunga shati. Alilishika kufuli lako, akaligeuza, akaniambia kwa sauti, "Hili hata nikipewa umeme na mwezi mzima siliwezi. Aliyelinunua anajua kazi." Hayo ni maneno yake, nakufikishia. Ndipo akavuta pumzi akazama.

Alikuwa akitoka kupumua, anazama tena. Juu hatukusikia kitu. Nakadiri ni muda wa kunyoa vichwa viwili, visivyo na ndevu. Mara pua ya boti ikaruka juu ikampiga bega, na pete ya trela ikaja nayo ikining'inia kwenye mnyororo.

Akachota kwa sufuria yetu maji yaliyoingia botini, akaivuta mpaka dirishani, tukampitisha Mama dirishani na blanketi lake. Kisha wakaingia dada yako na wanangu, kisha bibi wa nyumba ya pili na wajukuu zake wawili. Cheche na mimi tulisukuma tukiogelea. Baada ya hapo alirudi peke yake mara tano kuchukua wengine.

Kiti changu cha kunyolea kimekwenda, na vioo, na mashine. Mama anakohoa lakini anakula.

Kuhusu makufuli, usiwe na wasiwasi. Hakuna lililofunguka. La trela liko chini ya tope, limeshika nguzo. La magurudumu liko chini ya kitanda. La tatu linaning'inia puani mwa boti kama hereni. Kila mtoto wa hapa shuleni ameshalijaribu kwa msumari.

Shemeji yako

*

Kambini, 13 Novemba

Shemeji,

Nashukuru Mungu Mama mzima.

Lakini mimi ni mtu wa chuma na kuna kitu hakikai sawa. Nimekikataa kwa siku tatu, kimerudi. Pete iliyochomelewa kuizunguka yote haitoki kwa tindo. Tena chini ya maji, mkono hauna nguvu, nyundo inakwenda polepole. Nimekata pete kama hizo mia. Ungempa Cheche wiki nzima na oksijeni, asingeing'oa.

Kwa hiyo ama mlitumia kitu kingine ambacho hutaki kunitajia, ama uliniandikia uongo tarehe 26 Aprili. Miezi yote hii boti yangu ilikuwa imefungwa kwenye pete ambayo mtu yeyote mwenye nyundo angeing'oa, nami nalala usingizi kama mjinga, nikikusifu mbele ya wenzangu.

Nijibu. Ilichomelewa au haikuchomelewa?

Kaka wa mke wako

*

Shuleni, 20 Novemba

Kaka,

Mume wangu amesoma barua yako, akaikunja, akaenda kunyoa watu uani kwa mkasi wa kuazima. Amesema hatakujibu tena. Nakujibu mimi.

Haikuchomelewa.

Siku ile alimuita Cheche kama ulivyosema. Cheche akaja na vifaa vyake, akaizunguka ile minyororo yako, akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu anafunga boti au anafunga simba?" Akatuambia kwamba pete alichomelea upande mmoja makusudi. Trela ni la boti, na siku moja mtu atataka kuitoa boti kwa haraka. Mume wangu akamwambia basi nenda, nitamwandikia kwamba tayari. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemwambia aandike "kuizunguka yote" ili uridhike uache kututukana.

Kwa hiyo ndiyo, alikudanganya, tena Oktoba alikuomba ufunguo badala ya kung'oa pete ili usijue. Umemkamata. Miaka kumi umekuwa ukimtafutia kosa mume wangu na leo umelipata, kubwa, la kweli, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Sasa keti kwenye kitanda chako cha kambini ufikirie ingekuwaje kama angekutii. Wewe ni mtu wa chuma, umesema. Mimi nilikuwa nimemshika Mama kiunoni, na maji yalikuwa yamefika mikononi mwangu. Ulichokuwa ukiuliza hapa, kaka, ni kwa nini mama yako hajafa.

Nilimsomea Mama barua yako. Kwanza sikutaka, akanilazimisha. Akaniuliza kama wewe huko ulipo unakula vizuri. Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie magurudumu nilimlindia."

Daraja limekatika. Boti inavusha watu kila siku, hapa kwetu hadi upande wa soko, kama ulivyotaka ufanye wewe. Cheche ndiye anayepiga kasia. Usiku tunaifunga kwenye nguzo ya goli la shule, kwa kamba. Ya kuanikia nguo. Hakuna aliyeigusa, labda kwa sababu karibu wote tumewahi kukaa ndani yake.

Mdogo wako

*

Kambini, 28 Novemba

Shemeji,

Barua hii ni yako, ingawa najua utamwachia dada asome kwanza.

Juzi kumeletwa kontena lenye kufuli kama yale. Nyapara akasema, "Kata mlango, usipoteze muda." Nikamwambia leo nataka kulikata lenyewe. Akaniuliza kwa nini. Nikabadilisha diski nikaanza. Wenzangu walisimama kutazama, kisha wakachoka wakaenda kula. Diski ya nne, ya tano. Lilikatika kwenye diski ya sita. Dakika arobaini na moja, nikiwa na umeme, juani, nimesimama kwenye nchi kavu, na mimi ndiye bingwa wa uwanja mzima.

Nilikaa chini na vipande vyake viwili mkononi. Nikafikiria meza. Halafu kiti juu ya meza.

Sitakuomba radhi kwa barua, maana barua utaisomea wateja. Nikija nitakaa kwenye kiti chako uninyoe, useme yote nikiwa na wembe shingoni. Nimeshamwambia nyapara kwamba nakwenda Desemba. Nakuja na mashine ya kunyolea. Usiniulize, ni ya kwako.

Funguo tatu zimo humu; usio na alama ni wa trela. Nimezivua shingoni leo asubuhi na kamba yake. Wenye alama nyekundu ni wa magurudumu. Yatoe chini ya kitanda cha Mama siku hiyohiyo mtakayorudi nyumbani, asiendelee kulala gereji. Mwambie nakula vizuri. Si kweli, lakini wewe una mkono mzuri wa kuandika mambo kama hayo.

Wenye alama nyeupe ni wa puani. Mpe Cheche. Mwambie nimemwita mwizi kwa miezi minane na nilidhani nimefanya uchunguzi wa kutosha. Mwambie pia ile pete aliichomelea vibaya, mtoto wa wiki moja kazini angefanya vizuri kuliko vile. Mwambie kwa maneno hayohayo, usiyalainishe.

Kisha mwambie, akilitengeneza trela, arudishe pete palepale. Upande mmoja.

Shemeji yako